Hesabu kuanzia sifuri: kama unajua kuchenji noti, hesabu unaiweza

Kuna watu wazima wengi sana wanaogopa hesabu za kwenye karatasi, alafu hao hao ukienda gengeni kwao wanakurudishia chenji ya elfu kumi kabla hujamaliza kusema asante. Shangazi yangu ni mmoja wao. Anauza maandazi na chapati, shule aliishia la tatu, na ukimuandikia 10,000 - 3,700 kwenye daftari anakwambia mwanangu mimi hesabu siziwezi. Ila mteja akila vya elfu tatu na mia saba akatoa noti ya elfu kumi, shangazi anampa elfu sita na mia tatu na hakosei. Ni hesabu ile ile!

Nilianza kukaa naye jioni mbili tatu kwa wiki, tuna daftari na vizibo vya soda, na pale ndo nikaona kitu ambacho nataka nikieleze kirefu kwa yeyote anayeanza, awe mtu mzima aliyekosa shule au mzazi mwenye mtoto wa la kwanza na la pili anayetaka amsaidie na hajui aanzie wapi. Kitu chenyewe ni hiki: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, zote zina kazi moja ndani yake inayojirudia, nayo ni kuchenji. Ndogo kumi zinageuka kubwa moja, kubwa moja inavunjwa inakuwa ndogo kumi. Ukiielewa hiyo vizuri mengine yote ni mazoezi tu.

Andaa hivi vitu

Daftari la hesabu lile la viboksi, penseli na kifutio, vizibo vya soda au vijiti kama 100 hivi, na rababendi kadhaa. Alafu pesa. Chukua sarafu za 100, noti za 1,000 na noti ya 10,000. Jero, elfu mbili na elfu tano ziweke pembeni kwanza, sio kwamba ni mbaya, ila tunataka pesa ambazo kila moja ni kumi ya mwenzake: mia kumi ni buku, buku kumi ni elfu kumi. Kama hela hazitoshi kata vipande vya karatasi uandike, inafanya kazi vile vile. Simu yenye kikokotoo weka mbali kwa sasa, tutaihitaji baadae ya kusahihishia.

Hatua ya 1: kuhesabu kwa kufunga kumi kumi

Usianze na kuandika, anza na mikono. Mwaga vijiti mezani, hesabu kumi, funga rababendi. Hesabu kumi vingine, funga. Ukimaliza una mafungu kadhaa na vijiti vichache vilivyobaki huru. Tuseme mafungu matatu na vijiti vinne. Hiyo ni thelathini na nne, na ndo maana inaandikwa 34, tatu ya mafungu, nne ya vilivyobaki.

Hapa Kiswahili kinatubeba sana. Tunasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, yaani jina lenyewe linakwambia kuna kumi moja na ziada tatu, mtoto hana cha kukariri. Shida inaanzia ishirini, kwa sababu ishirini, thelathini, arobaini mpaka tisini ni majina yaliyotoka Kiarabu na ukisikia "thelathini" hausikii "tatu" ndani yake. Kwahiyo mwanafunzi lazima aambiwe wazi: ishirini ni makumi mawili, thelathini makumi matatu, arobaini makumi manne, hamsini makumi matano. Zingine zinajisema zenyewe, sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini, kwa sababu hata sita, saba na tisa zenyewe zimetoka huko huko. Inayobaki ni themanini, hiyo haifanani na nane kabisa na ndo inayowachanganya watoto wengi, irudieni sana.

Zoezi la hapa ni kuhesabu kwa makumi kwenda na kurudi, 10, 20, 30 mpaka 100 alafu 100, 90, 80 kurudi chini. Kurudi ni muhimu kuliko watu wanavyofikiria, ndo mwanzo wa kutoa. Usihame hapa mpaka mtu akiambiwa "arobaini na saba" anashika mafungu manne na vijiti saba bila kuanza kuhesabu moja moja.

Hatua ya 2: kila namba ina chumba chake

Chora vyumba vinne kwenye daftari, kuanzia kulia: mamoja, makumi, mamia, maelfu. Sheria ya nyumba hii ni kwamba kila chumba kinakaa tarakimu moja tu, yaani kuanzia 0 mpaka 9. Zikifika kumi hazikai tena, zinachenjiwa kuwa moja na kuhamia chumba cha kushoto.

Sifuri hapa ndo mlinzi wa chumba kitupu. Kosa kubwa kuliko yote ambalo nimeliona kwa wanaoanza ni kuandika wanavyosikia. Mwambie aandike "mia moja na tano", anaandika 100 alafu anabandika 5, inakuwa 1005. Anaandika kwa sikio. Mrudishe kwenye vyumba: mia ni ngapi? moja. Makumi yapo? hapana, weka sifuri alinde. Mamoja? tano. 105. Fanya na "elfu mbili na hamsini": maelfu 2, mamia hakuna, makumi 5, mamoja hakuna, 2,050. Fanya kama ishirini za namna hiyo, zenye matundu katikati, 307, 1,040, 6,009, kwa sababu zile zisizo na sifuri hazimsumbui mtu.

Na kwa namba kubwa angalieni matamshi. Mtu akisema "elfu mia mbili" anaweza kumaanisha 200,000 na mwingine akasikia elfu moja na mia mbili, 1,200. Ndo maana watu wa biashara wanapenda "laki", laki mbili ni 200,000 haina ubishi, laki mbili na nusu ni 250,000. Kabla ya kutuma pesa kwa simu hesabu sifuri, 10,000 ina nne na 100,000 ina tano, na sifuri moja hapo ni tofauti ya 90,000.

Hatua ya 3: kujumlisha

Kabla ya hesabu za wima, kariri marafiki wa kumi: 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5. Ni jozi tano tu. Mtu akishazijua hana haja ya kuhesabu vidole. 8 + 5 inakuwaje? Nane inataka mbili kufika kumi, ichukue kwenye tano, inabaki tatu, jibu 13. Vidole sio dhambi, wala usimpige mtoto au kumsema kwa kutumia vidole, ila mpe njia iliyo rahisi kuliko vidole na ataviacha mwenyewe.

Sasa wima. 478 + 256. Panga mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi (viboksi vya daftari ndo kazi yake hii), anza kulia. 8 na 6 ni 14, chumba hakikai 14, kwahiyo kumi tunaichenji inakuwa 1 ya makumi, tunaibeba juu ya makumi na tunaandika 4. Makumi: 7 na 5 ni 12, na ile tuliyobeba ni 13, andika 3 beba 1. Mamia: 4 na 2 na 1 ni 7. Jibu 734.

Kama "kubeba" haieleweki fanya kwa hela mezani. Elfu mbili na mia saba ujumlishe elfu moja na mia sita. Sarafu za mia ziko 7 na 6, jumla 13. Kumi peleka dukani kuchenji, unarudi na buku moja, mkononi zimebaki sarafu 3. Buku zilikuwa 2 na 1, na hii mpya ni 4. Una 4,300. Hakuna kitu kingine kwenye kubeba zaidi ya hapo.

Jizoeze pia kukadiria kabla hujaanza, 478 ni kama 500 na 256 ni kama 250, kwahiyo jibu litakuwa karibu na 750. Ukipata 6,134 unajua umeharibu sehemu hata kabla ya kusahihishwa.

Hatua ya 4: kutoa, hapa twende taratibu

Hapa ndo watu wengi wanapoachwa njiani darasani na wanabaki hivo mpaka ukubwani.

Kosa lenyewe ni hili. 52 - 38. Mtu anaona 2 na 8, anajua 2 haitoshi kutoa 8, basi anageuza, 8 toa 2 anapata 6, alafu 5 toa 3 anapata 2, anaandika 26. Sio mjinga, amefuata alichozoea kwamba kubwa inatolewa ndogo. Mpe vijiti: mafungu matano na vijiti viwili, mwambie nipe thelathini na nane. Atatoa mafungu matatu vizuri, alafu atakwama, nahitaji nane na huru ninavyo viwili. Nyamaza. Subiri. Wengi watafungua rababendi wenyewe! Fungu moja likifunguka anakuwa na vijiti huru 12, anatoa 8, vinabaki 4. Na fungu lililobaki ni moja. Jibu 14.

Shuleni tuliambiwa "unakopa". Mimi hilo neno naliona linachanganya, maana mkopo unarudishwa na hapa hakuna anayerudisha kitu. Unavunja noti. Ulikuwa na makumi 5 na mamoja 2, umevunja kumi moja, sasa una makumi 4 na mamoja 12, ni pesa ile ile haijaongezeka wala kupungua. Shangazi nilipomwambia "vunja" badala ya "kopa" alicheka akasema kumbe ni hivo tu.

Sifuri zikiwa katikati ndo balaa, mfano 4,003 - 1,258. Mamoja 3 hayatoshi 8, nenda makumi uvunje, makumi hakuna, mamia hakuna, inabidi uende mpaka maelfu. Vunja elfu moja: zinabaki elfu 3, na una mamia 10. Vunja mia moja: yanabaki mamia 9, na una makumi 10. Vunja kumi moja: yanabaki makumi 9, na mamoja yanakuwa 13. Sasa toa: 13 toa 8 ni 5, 9 toa 5 ni 4, 9 toa 2 ni 7, 3 toa 1 ni 2. Jibu 2,745. Hakikisha kwa kujumlisha, 2,745 na 1,258 inarudi 4,003. Kila hesabu ya kutoa ifanyiwe hivo.

Alafu kuna njia ya gengeni ambayo ni halali kabisa na naipenda kuliko zote, kutoa kwa kupanda juu. Kitu ni 3,700 umepewa 10,000. Kutoka 3,700 mpaka 4,000 ni mia tatu, mpaka 5,000 ni buku, mpaka 10,000 ni elfu tano. Jumla 6,300. Mtoto akija na njia hii nyumbani usimwambie amekosea.

Hatua ya 5: tebo, bila kuumia

Kuzidisha ni kujumlisha kitu hicho hicho mara nyingi, 4 × 3 ni mafungu manne ya tatu tatu, panga vizibo safu nne kila safu vitatu, hesabu 12. Geuza daftari upande, sasa ni safu tatu za nne nne, bado 12. Kwahiyo 4 × 3 na 3 × 4 ni kitu kimoja, na hapo karibu nusu ya tebo umeshaifuta.

Tebo ya 1 mpaka 10 inaonekana ina majibu 100 ya kukariri lakini angalia. Tebo ya 1 haina kazi. Ya 10 unabandika sifuri. Ya 2 ni kujumlisha namba yenyewe mara mbili. Ya 5 ni nusu ya tebo ya 10, 5 × 8 ni nusu ya 80, 40. Ya 4 ni mbili mara mbili, 4 × 7 ni 14 na 14, 28. Ya 9 ni ya 10 ukitoa moja, 9 × 7 ni 70 toa 7, 63, na ukijumlisha tarakimu za jibu 6 na 3 unapata 9, iko hivo mpaka 9 × 10. Ukiondoa zote hizo, za kukariri zinabaki kumi tu:

3 × 3 = 9, 3 × 6 = 18, 3 × 7 = 21, 3 × 8 = 24, 6 × 6 = 36, 6 × 7 = 42, 6 × 8 = 48, 7 × 7 = 49, 7 × 8 = 56, 8 × 8 = 64.

Kumi. Andika mbili kwa siku ubandike ukutani karibu na kioo, kwa siku tano umemaliza.

Kuzidisha namba kubwa ni kuvunja pia. 14 × 23: vunja 23 iwe 20 na 3. 14 × 20 ni 280, 14 × 3 ni 42, jumla 322. Maandazi 36 ya mia mbili mbili: 36 × 2 ni 72, alafu rudisha sifuri mbili za mia, 7,200. Sifuri zilizowekwa pembeni zihesabu kabla, wengi wanazisahau huko huko.

Hatua ya 6: kugawanya

Kugawanya kunaanzia kushoto, kwenye pesa kubwa, tofauti na zile zingine tatu. Fikiria: ukigawa pesa kwa watu unaanza na noti kubwa, ikishindikana unaichenji.

7,200 kwa watu 3. Buku ziko 7, kila mtu anapata 2, imebaki buku 1. Haigawanyiki kwa watatu, ichenji, ni sarafu kumi za mia, na zile 2 zilizokuwepo zinakuwa 12. Kila mtu anapata 4. Jibu 2,400. Ule mpangilio wa kugawanya wa shuleni, wenye mistari inayoshuka chini, ndo unaandika hadithi hii tu.

Kosa la hapa ni kuruka sifuri. 618 ÷ 6: mamia 6 kwa 6 ni 1. Makumi ni 1, haitoshi watu sita, wengi wanaruka na kumalizia 13. Hapana, kila mtu amepata makumi sifuri, iandike. Alafu ile kumi moja ichenji, mamoja 10 na 8 ni 18, kwa 6 ni 3. Jibu 103. Zidisha kuhakikisha, 103 × 6 ni 618.

Kikibaki kitu andika baki. Maandazi 85 kwenye mifuko ya sita sita ni mifuko 14 baki 1. Na kugawanya kwa sifuri hakupo, huwezi kugawia watu ambao hawapo.

Hesabu mchanganyiko: MAGAZIJUTO

Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Chai ya 500 na maandazi matatu ya 200, yaani 500 + 3 × 200. Ukienda kama inavyosomeka unapata 503 × 200 ambayo ni 100,600, chai gani hiyo. Zidisha kwanza, 600, jumlisha 500, ni 1,100.

Ila MAGAZIJUTO ina mtego mmoja. 10 - 3 + 2. Ukisema jumlisha kwanza 3 na 2 ni 5, alafu 10 toa 5, unapata 5, na hiyo sio sahihi. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja, zikiwa zimebaki zenyewe nenda kushoto kwenda kulia.

Saa: chenji yake sio kumi

Dakika zinachenjiwa kwa 60, dazani kwa 12. Mbinu ile ile, kiwango tofauti. Saa mbili na dakika 45 ongeza dakika 50: 45 na 50 ni 95, ondoa 60 iwe saa moja, zinabaki 35, jibu saa tatu na dakika 35. Na saa ya kwenye simu ni kutoa 6: 14:30 toa 6 ni saa nane na nusu mchana, 19:00 toa 6 ni 13, ikizidi 12 toa 12, saa moja usiku. Ikiwa ndogo kuliko 6 jumlisha badala ya kutoa, 03:00 ni saa tisa usiku.

Jipime

Fanya hizi bila kuangalia juu: 367 + 485, alafu 3,002 - 1,467, alafu 26 × 14, alafu 824 ÷ 8, alafu 20 - 8 + 3 × 2. Majibu ni 852, 1,535, 364, 103 na 18. Ukikosa ya pili rudi kwenye kuvunja noti, ukikosa ya nne umeruka sifuri, ukipata 6 kwenye ya mwisho ni ule mtego wa MAGAZIJUTO.

Ya kumalizia niliyompa shangazi: basi limeondoka saa 12:20 asubuhi limefika saa 9:05 mchana, limetembea muda gani? Saa 12 asubuhi ichukue kama sifuri. 9:05 toa 0:20, dakika 5 hazitoshi 20, vunja saa moja, inakuwa 8 na dakika 65. 65 toa 20 ni 45. Masaa 8 na dakika 45. Aliipata mara ya kwanza, kwa penseli, na alivunja ile saa bila mimi kusema neno.